Nani Aliyemkuza Rosalia

Tarehe 14 Agosti 1998. Asubuhi hiyo mjini Pila, Ufilipino, manyunyu yalianguka bila upepo, na mbingu ilikuwa nyeupe tupu. Delfina alisali rozari yake yote, akafika mwisho bila kukumbuka alikoanzia. Hakusikia huzuni wala hofu. Mdogo wake Herminia, aliyerudi kutoka Hong Kong baada ya miaka saba, alitaka kumchukua binti yake Rosalia, aliyemwachia Delfina, akaishi naye Manila, na mwenyekiti wa mtaa ndiye angeamua.

Kwenye ukumbi wa mtaa Herminia alimvalisha mtoto gauni alilomletea. Likakwama mabegani. Akacheka peke yake, akasema binti amekuwa dambuhala, neno la kuitia nyangumi. Jirani yao, Mama Sepa, akamhimiza ampake mtoto mate kidogo upesi, asije akamtupia jicho baya kwa kuutaja ukubwa wake ovyo.

Mwenyekiti akauliza nani alimlea mtoto. Kwa Kitagalogi ukubwa ni laki, na kulea ni magpalaki, yaani kumfanya mtu awe mkubwa. Herminia hakulitumia neno hilo. Alijibu kwamba mtoto lumaki, alikua, kwa jasho lake la ugenini.

"Lumaki?" Mama Sepa akamdakia. "Hata nguruwe wangu lumaki, mwanangu. Namtupia maganda, anakua. Huyu kuna mtu kamkuza."

Watu wakacheka chini chini. Mwenyekiti akamgeukia Delfina, aseme lake. Delfina aliona tu kwamba gauni linambana mtoto kwapani. Akaenda nyuma yake kulegeza vifungo, kama afanyavyo kila siku mtoto atokapo shule. Rosalia akainamisha kichwa na kuzivuta nywele pembeni kabla hajaambiwa.

Herminia akatazama vile vidole na ile shingo. Akauliza, kwa sauti ndogo, mtoto huvaa saizi gani siku hizi. Delfina akamtajia. Herminia akasimama.

"Dada, wewe ndiye uliyemkuza," alisema. "Mwenyekiti, Mama Sepa, nanyi nyote mnanisikia. Naahidi mbele ya Mungu: sitamtoa nyumbani kwa dada yangu mpaka yeye mwenyewe aniambie, Mama, twende."