Mumbere Alitaka Kutoka Majini

Mto Lhubiriha ulipofurika, Mumbere, mwana wa pekee wa Tabisa, alijitosa akamwokoa binti wa askari. Alimsukuma hadi ukingoni, kisha maji yakamchukua yeye. Maiti yake ilipatikana kesho yake, ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo.

Tangu hapo, kanisani kwao Bwera haikupita Jumapili bila jina lake kutajwa. "Kama Kristo," mchungaji Erifazi alisema, "alijitoa sadaka ili mwingine aishi." Waumini waliitikia amina. Tabisa aliinamisha kichwa, wakadhani anasali. Kumbe alikuwa akijiuliza ni sadaka gani hiyo, ambayo mama mzazi anakuja kuisikia imekwisha kutolewa. Na Mungu aliupokea uhai wa kijana yule akaufanyia nini?

Yule binti aliyeokolewa, Tabisa hakutaka hata kumwona. Akikutana naye njiani, alivuka barabara.

Siku moja Tabisa akianika mihogo uani, Kansiime, mke wa yule askari, akaja amemshika mkono bintiye, Mbabazi.

"Mama Mumbere, unisaidie," Kansiime alisema. "Mutoto hakuli tena. Anasema chakula iko ya Mumbere."

Tabisa akamtazama mtoto. Gauni lilimpwaya mabegani.

"Nani alikuambia hivyo?"

"Kanisani wanasema alikufa ili mimi niishi," Mbabazi alijibu, macho chini. "Mimi sikumwomba afe."

Tabisa aliketi palepale chini. Akamvuta mtoto karibu.

"Nisikilize. Mumbere hakuingia majini ili afe. Aliingia ili mtoke wote wawili. Alikuwa na mchumba, alikuwa anajenga. Alitaka kuishi sana. Maji yalimshinda, basi. Wewe hukumuua."

"Na Mungu alitaka?"

Tabisa alimrekebishia gauni begani.

"Sijui, mwanangu. Namwuliza kila siku, hajanijibu."

Walilia pamoja, wote watatu. Walipochoka kulia, Tabisa alimmenyea Mbabazi ndizi, naye mtoto akaila polepole.

Jumapili iliyofuata, mchungaji alipolitaja tena jina lile, Tabisa alisimama.

"Mchungaji, nakuomba, usimwite sadaka. Alikuwa mwanangu."

Erifazi alifunga Biblia, akashuka mimbarini, akaketi kando ya Tabisa kwenye benchi. Wakakaa hivyo, na kwaya haikujua iimbe nini.