Lodi Alikufa Mara Ngapi

"Alikufa! Nimesema alikufa, na nimemlilia kwa macho yangu haya haya!"

"Hakufa bwana! Ameoa, ana watoto wawili, na mama mkwe keshahamia pale kasri kuwalea! Wewe umemlilia nani?"

Msusi alikuwa ndani, mkono mmoja umeshika nywele za karani wa posta, mwingine umeshika kitana. Sauti ya kwanza aliijua, ya Nesi, jirani wa mkono wa kulia. Ya pili ilikuwa ya Mama Mapacha, wa mkono wa kushoto. Majirani wanagombana bombani Jumamosi asubuhi, kweupe, na yeye amejifungia ndani kama mgonjwa! Zawadi kama hiyo mtu hapewi kila siku.

"Nakuja sasa hivi mwanangu, usiondoke," akamwambia karani, ambaye hata angetaka asingeweza kwenda popote, maana upande mmoja wa kichwa chake ulikuwa umesukwa na wa pili umesimama kama umeona jini. Msusi akatoka mbio, kandambili moja mguuni, ya pili kaiacha njiani.

Msusi hakuwa mmbea. Mwenyewe alisema hivyo, na nani amjuaye mtu kuliko mwenyewe? Alikuwa tu anapenda kujua, na akishajua anapenda na wenzake wajue, kwa sababu uchoyo ni dhambi. Akaegemea ukuta, akakunja mikono, akauvaa uso wa mpatanishi, huku moyoni anahesabu wanaume wa mtaa mzima. Nani huyo kaoa kimyakimya? Nani kafa bila yeye kuarifiwa?

"Mshale wa fedha ulimpata hapa," Nesi akajigonga kifuani, "pembeni mwa msitu, mwezi mpevu. Akamwambia yule binti mshona glavu, nisamehe, akakata roho. Mimi ni nesi, mama. Mtu aliyekufa namjua!"

"Unamjua wa hospitalini. Lodi humjui!"

Umbea wote ukamwishia Msusi mwilini. Lodi alikuwa wake.

Yeye ndiye aliyemleta mtaani. Alimkuta kwa muuza vitabu wa kandokando ya barabara, kwenye jalada la kitabu kinene kama tofali: bwana mkubwa wa kasri, wa enzi za farasi na mishumaa, ambaye mwezi ukipevuka anageuka mbwamwitu. Kifua wazi, bila shaka. Wanaume wote wa majalada yale walikuwa vifua wazi, kana kwamba zamani hizo mafundi cherehani walikuwa hawajui kukaza kifungo. Msusi alikuwa navyo vitabu vya namna hiyo kumi na vinne, wachawi, mizimu wenye wivu, malkia wanaopendana na majoka, na kila Jumamosi aliwasimulia wateja huku anasuka. Watu walikuja. Walikuja wa kusukwa, wakaja na wasio na hata unywele wa kushika. Mmoja kitandani, mmoja juu ya ndoo iliyopinduliwa, wengine mlangoni wamezuia hewa. Tangu kitinda mimba wake aolewe na kwenda zake, vile vyumba viwili vilikuwa vinamrudishia sauti yake mwenyewe akikohoa. Jumamosi tu ndiyo vilijaa. Mtu akimwambia Msusi achague kati ya chakula cha wiki na Jumamosi moja, angefunga.

Ila palikuwa na kitu kidogo. Vitabu vile hakuwahi kumaliza hata kimoja. Jioni akifungua, mistari inaanza vizuri, halafu inatembea, halafu yeye anakoroma na Lodi kamlalia usoni. Kitabu hiki alikifikisha ukurasa wa sitini na moja, pale binti mshona glavu anaposikia kucha zinakwaruza mlango. Kuanzia hapo alimtegemea Mungu na nywele za mteja. Kichwa kikikaribia kwisha, na hadithi nayo ilibidi itafute pa kuishia.

Sasa Nesi, maskini, nywele kagawiwa kwa kipimo. Walipofika kisogoni Lodi alikuwa bado na nguvu zake zote, yuko juu ya farasi, na misuko iliyobaki ni mitatu. Ungefanyaje? Mshale. Mama Mapacha yeye ana nywele za kufumia mkeka. Kwake Lodi alichumbia, akakataliwa, akaugua, akapona, akaoa, akazaa, na nywele bado zimejaa mkononi, ndipo Msusi alipoona hana budi kumleta mama mkwe.

"Haya, mwenye kitabu huyu hapa!" Mama Mapacha akamwona. "Njoo dada, mwambie huyu. Lodi kafa au kaoa?"

Msusi akatazama uso huu, akatazama ule. Akimpa ushindi mmoja, wa pili Jumamosi haji. Akisema kweli, hawaji wote, na mtaa mzima utajua kabla maji ya ndoo hayajatulia. Alijua kasi ya habari mtaani pale. Injini yake alikuwa yeye.

"Mnajua," akaanza, kwa sauti ya profesa, "vitabu vya siku hizi vina matoleo. Lipo toleo la kufa na lipo toleo la kuoa."

"Toleo?"

"Toleo. Inategemea na mchapaji."

Nesi akaanza kuitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayekaribia kuelewa. Msusi akajipongeza. Kumbe akili ninayo, akajiambia. Hapo hapo ikasikika sauti mlangoni kwake. Karani wa posta alikuwa amechoka kungoja.

"Samahanini, shikamooni. Mbona mimi nimeambiwa mwanamke ndiye mbwamwitu?"

Maji yakaendelea kumwagika bombani, hakuna aliyekumbuka kuyafunga.

"Lete kitabu," alisema Nesi.

Msusi akakileta, akitembea polepole kama anapeleka barua ya msiba. Nesi akakifungua. Kurasa za mwanzo zilikuwa laini, zimekunjwa pembe. Kuanzia sitini na moja zilikuwa zimegandana zote kwa mafuta ya nywele, kitu kimoja kigumu, hata ukucha haupiti.

"Mafuta yalimwagika baadaye," Msusi akasema haraka. "Nilikuwa nimeshamaliza. Wallahi nilimaliza."

"Jirani," Nesi akamkazia macho, na sauti yake sasa haikuwa ya ugomvi, jambo lililomtisha Msusi zaidi. "Mimi nimemlilia huyu mwanaume zamu nzima. Mgonjwa wa kitanda cha sita, mguu umening'inizwa juu, ndiye aliyenibembeleza. Na huyu mwenzangu nimemwita mwongo mbele ya watu. Kama umetuchezea…"

 Akamshika Mama Mapacha mkono, mtu ambaye dakika kumi nyuma walitaka kumwagiana maji, wakaingia kwa Mama Mapacha pamoja na kitabu. Karani akawatazama, akamtazama Msusi, akawafuata, nusu kichwa kikiyumba. Mlango ukafungwa.

Msusi akarudi kwake. Ndoo iliyopinduliwa haikuwa na mtu. Wateja wawili walifika, wakaona kiti kitupu, wakasikia sauti kwa jirani, wakageukia huko huko. Akachukua vitana viwili, akachana kimoja kwa kingine. Akajiambia hajali. Mwanamke mzima, mwenye vitabu kumi na vinne, atababaishwa na nini? Kisha akachukua ufagio, akaenda kufagia chini ya dirisha la Mama Mapacha, mahali ambapo pana saruji tupu iliyofagiwa alfajiri.

Ndani walikuwa wanazifukizia kurasa mvuke wa sufuria, wanazibandua moja moja kwa kisu. Harufu ya mchuzi ilimfikia, ikafuatana na sauti ya Nesi akisoma sura ya mwisho kama anavyosoma faili la mgonjwa, bila huruma na bila kuruka kitu. Binti mshona glavu ameshika mshumaa. Lodi yuko langoni, amelowa mvua. Ndani sahani zikaacha kugongana. Ufagio wa Msusi nao ukasimama. Umbea mkubwa kuliko wote wa mwaka unapita, na kwa mara ya kwanza yeye yupo upande wa nje wa ukuta, amechuchumaa kama kuku anayetaka kutaga.

"Lango likafunguka," Nesi akasoma, "na mbele yao akasimama mtu waliyemzika kwa mikono yao wenyewe." Akageuza ukurasa.

"Halafu?"

"Basi. Pameandikwa, mkasa huu unaendelea katika kitabu cha pili."

Kelele zilizozuka zingeweza kumfufua Lodi kama kweli alikufa. Mmoja analaani mwandishi, mmoja analaani mchapaji, karani anauliza kama mtu anaweza kushtakiwa kwa kitu kama hicho. Dirisha likafunguliwa kwa nguvu, kichwa cha Mama Mapacha kikachomoza juu ya kichwa cha Msusi.

"Wewe mfagia saruji! Hicho kitabu cha pili unacho?"

"Hana huyo," ikatoka sauti ya Nesi.

"Muulize ameshakisoma? Ni nani aliyezikwa?" karani akadakia.

Nyuso zikajaa dirishani. Msusi alizifahamu zile nyuso. Ndizo nyuso za Jumamosi, midomo imeachama, macho yamemng'ang'ania yeye. Na jibu lilikuwa tayari ulimini, tena tamu: aliyezikwa ni kaka yake Lodi, wa baba mmoja, naye ana siri na mshona glavu tangu utotoni. Neno moja tu na wote watahamia kwake kabla mchuzi haujapoa. Akafungua mdomo.

"Sijui," akasema. "Sikijui hata hiki cha kwanza. Sikuvuka ukurasa wa sitini na moja. Kufa nilimuua mimi, na kuoa nilimwoza mimi. Mbwamwitu wa kike nilikuwa nimechoka tu. Na wale wa vitabu vingine, malkia na majoka yake, wote… nalala, jirani. Nikishika kitabu, nalala."

 Msusi akautazama ufagio wake. Masikio yalimwaka moto.

"Hata yule mzimu mwenye wivu?" Nesi akauliza mwishowe.

"Ukurasa wa ishirini."

"Ukurasa wa ishirini!" Mama Mapacha akarudia, na kitu fulani kikamkwama kooni, huenda kicheko, huenda tusi. Akavuta kichwa ndani. Pakasikika mnong'ono mrefu, sahani zikigongana, kiti kikiburutwa. Msusi akainamisha mgongo aende zake.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Nesi, mkononi na mwiko unaodondosha mchuzi.

"Unakwenda wapi sasa? Kanawe mikono, ina mafuta. Ingia ule."