Mwana wa Chenza na Balungi

Siku mti wake ulipoivisha matunda kwa mara ya kwanza, Mama Miche aliamka akicheka peke yake. Ni yeye aliyepaka chavua ya balungi kwenye ua la mchenza, akapanda mbegu, kisha akakata kijiti cha mche ule na kukiunganisha juu ya shina la mlimau ili kiwahi kuzaa. Mumewe aliuita mti huo mtoto wa kambo. Alikuwa ameshanunua mabati ya banda la kuku, na alilitaka banda lisimame palepale penye mti.

"Mama yangu ataonja," mume alisema. "Akisifu, mti unabaki. Akitema, nachukua shoka."

Mama mkwe hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Mume akaenda kuchuma mwenyewe, akarudi na vipande kwenye sahani. Mama mkwe akauma. Jicho moja likafumba, la pili likafuata, akatema na kupiga chafya.

"Mwanangu, hii ni dawa ya kutolea kutu!"

Mume akacheka hadi akashika mbavu, akaenda kutafuta shoka. Mama Miche alitamani kulia. Akaokota ganda lililoanguka. La manjano! Akatoka mbio, akamkuta mume keshafika mtini.

"Umechuma wapi?"

"Hapa chini, panapofikika."

"Chini ya kiungo, pale nilipounganisha!" Kicheko kilimpanda mpaka akakaa chini. "Hilo ni tawi la mlimau, limechipuka shinani. Si ndilo nililokuomba ulikate tangu mwaka jana? Umemlisha mama yako limau!"

Akapanda ngazi. Huko juu matunda yalikuwa mekundu kama machenza, makubwa kuyapita, kila moja na kishingo chake. Alipolivuta ganda lilitoka lote kwa mkupuo, na maji yakaruka hadi kwenye shati la mume. Mbegu ilikuwa moja tu.

Mama mkwe, aliyewafuata akilalamika, akapokea kipande kwa vidole viwili. Utamu wa chenza ulitangulia, uchungu kidogo wa balungi ukafuata nyuma. Akafumba macho. Mume akainua shoka.

"Lina makali?" mama akauliza.

"Lina, Mama."

"Basi kata hilo tawi la limau. Ukimaliza, nishikie ngazi."

"Na kuku, Mama?"

"Kuku utalala nao wewe," akasema, mguu wake ukiwa tayari kwenye kipandio cha kwanza.