Nyundo Angemshinda Tingatinga

Mimi si mgomvi. Waulize wote hapa karakana ya makochi, watakwambia mimi ni mgomvi, lakini hao ni waongo. Mimi nashona vitambaa vya makochi, cherehani yangu iko pale dirishani, na nikiachwa na amani yangu nafika jioni bila kumtukana mtu. Tatizo ni Profesa.

Profesa ndiye seremala wetu wa fremu. Hajasoma kutuzidi, tunamwita hivyo kwa sababu anaangalia ndondi kwenye simu mpaka macho yanamwiva, halafu asubuhi anakuja kutufundisha. Mtu wake ni Tingatinga, bingwa wa sasa wa uzito wa juu, kilo mia moja na kumi na nane. Mtu wangu ni Nyundo, aliyeshika mkanda huohuo miaka arobaini iliyopita. Nyundo ni baba yangu mzazi.

"Raundi ya pili haimalizi," Profesa husema, misumari mdomoni. "Tingatinga anamlaza Nyundo, watu hawajakaa vizuri kwenye viti."

"Koma! Nyundo alipigana raundi kumi na tano mbavu zimevunjika. Huyo wako akiguswa pua anaita daktari."

"Dada, kilo themanini na nane ni uzito wa juu gani? Hizo ni kilo za mke wa Tingatinga."

Khaa! Miaka sita nasikia maneno hayo, na miaka sita namjibu kwa namba moja tu. Marehemu mama alikuwa na bango la baba sebuleni, na kwenye bango hilo pameandikwa urefu wa mikono yake, ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole: sentimita mia mbili na moja. Tingatinga ana mia moja tisini na nane. Mwenye mkono mrefu ndiye anayegusa kwanza, hilo hata mtoto anajua. Niliiandika kwa chaki ukutani, juu ya mashine, na ole wake atakayeifuta.

Utaniuliza, mwanamke mzima na wajukuu wake, haya ya ngumi yanamuuma nini? Yananiuma kwa sababu utotoni sikuwa na baba, nilikuwa na bango. Baba alikuwa kambini, anafanya mazoezi. Mdogo wangu wa kiume aliugua surua, tukamzika Jumanne, na baba alikuwa kambini. Mama alitukalisha mkekani akasema, "Msimlaumu baba yenu. Bingwa hana muda wake mwenyewe." Basi nikaikubali biashara hiyo. Kama alikuwa mkubwa kuliko wote, wa zamani na wa sasa, tulimtoa kwa jambo kubwa. Lakini kama yuko wa kumlaza raundi ya pili, tulitapeliwa. Sasa anaishi kwangu, mikono inamtetemeka, mimi ndiye ninayemkatia nyama.

Juzi Profesa akanikumbusha sheria. Karakana yetu ina sheria moja: kipimo kikibishaniwa, kitu chenyewe kinaletwa, kinapimwa mbele ya wote. Ilianza siku kochi la watu wanne lilipokwama mlangoni kwa mteja, kila fundi anaapa namba yake ndiyo sahihi.

"Bango si futi," akasema. "Mlete mzee."

Nikamleta, tena kwa madaha. Nikawaambia wajiandae kuomba radhi, ng'ombe hazeeki maini. Baba akasimama ukutani, akanyoosha mikono, bosi akatoa futi shingoni akapima.

"Mia moja themanini na tatu."

"Rudia!"

Akarudia. Mia moja themanini na tatu.

"Uzee umempunguza," nikasema.

"Mikono haipungui, dada," Profesa akajibu, taratibu, kwa adabu. Afadhali angenicheka.

Aliyecheka ni baba. "Mia mbili na moja aliitunga promota," akasema. "Hata hizo kilo si zangu zote. Nilikuwa napanda mzani na vyuma kiunoni, ndani ya kaptula."

Watu wakaangua kicheko. Profesa akaona mlango umefunguka. "Mzee wangu, tusaidie. Wewe wa enzi zile na Tingatinga wa leo, nani anashinda?"

"Yule kijana? Ah, ana uzito, ana kasi, hachoki. Raundi ya pili angenilaza. Nikiwa na bahati nakimbiakimbia mpaka ya tatu."

Profesa akarusha nyundo yake juu akaidaka. Mimi mkasi ulinitoka mkononi.

"Baba, usiseme hivyo!"

"Mwanangu, ni porojo tu."

"Si porojo! Tulimzika mdogo wangu bila wewe! Mwaka mzima uko kambini, mwaka mzima, na mimi nasimama shuleni najisifu! Ilikuwa ya nini, kama ulikuwa bondia wa kawaida tu?"

Baba alitazama sakafu, akaanza kuikunjakunja kofia yake.

"Kambi ilikuwa wiki sita, mama."

"Nini?"

"Wiki sita kila pambano. Na mapambano yalikuwa mawili kwa mwaka."

Kazi yangu ni vipimo, hesabu ilinijia kabla sijaitaka. Wiki kumi na mbili. "Na hizo nyingine arobaini?"

"Nilikuwa mjini. Huko barabarani nilikuwa Nyundo. Nikija nyumbani, nilikuwa mtu wa kutumwa maji. Habari za mtoto zilinifikia siku ileile. Nilikuwa hotelini, watu wananipongeza. Nikasema nitakuja kesho. Kesho nikaona aibu. Baadaye nikazoea."

Mama alijua. Hilo ndilo lililonipanda kichwani kama moto: mama alijua, akakaa na sisi mkekani akamtungia uongo mzuri, na mimi nikautetea miaka yote hii kwa kelele, mpaka mate yanakauka.

Profesa alisogea, uso umemwiva kwa aibu. "Dada, yaishe. Nimeshindwa mimi. Tuseme Nyundo anashinda kwa pointi."

Huyu ambaye kwa miaka sita hajawahi kunipa hata raundi moja! Nilimtazama baba usoni, mikono yake mifupi ikitetemeka juu ya kofia.

"Hapana, Profesa," nikasema. "Anaanguka raundi ya kwanza. Na mimi nimekaa kiti cha mbele kabisa, napiga makofi."

Baba hakubisha. Alisema tu, "Sawa, mama."