Pembe ya Posta

Evelina alipenda kitu kizuri, na hilo mtaa mzima wa Pasiansi walilijua. Miche ya kitalu chao aliipanga kwa rangi za ndoo zake, bluu na bluu, njano na njano. Ukimwambia mche haujui rangi ya ndoo, alikujibu kwamba mteja anajua. Basi usishangae kwamba siku alipokwenda Igoma kutengenezesha kisu cha baba yake, alibeba pembe ya ng'ombe kwenye mfuko, amenyoosha shingo kama anapeleka mahari.

Kisu chenyewe kilikuwa kidogo, cha kukunja, cha kubebeshea miembe. Kazi hiyo ukiitazama utaidharau: unakata kikonyo cha mwembe mtamu, unakichonga kabari, unakichomeka kwenye mche wa kienyeji uliopasuliwa juu, unafunga kwa nailoni. Mkato ukiwa safi, vile viwili vinashikana vinakuwa mti mmoja. Mkato ukiyumba, umeua vyote. Mkono wa Mzee Mashimba, baba yake Evelina, ulikuwa hauyumbi. Watu walivuka maji kutoka Sengerema kufuata miche yake. Na kisu hicho hakumwachia mtu, si mkewe, si binti yake. Evelina alimwagilia, akauza, akapanga ndoo zake, basi.

Halafu kiharusi kikampiga mzee upande wa kulia. Mguu ulirudi. Ulimi ulirudi, na ukali wake wote ukarudi nao. Mkono ndio uliobaki nyuma. Siku alipojaribu tena kubebesha, kisu kilimponyoka kikagonga jiwe, na mpini wake wa mti ukapasuka katikati. Mzee aliuchomeka mkono mfukoni, akasema, "Baba yenu mkubwa akija mwezi ujao, naondoka naye kwenda Magu. Mtu asiyefanya kazi akae kijijini. Mjini hapa nitakuwa mzigo."

Evelina aliogopa. Alimjua baba yake: mtu yule ukimweka kwenye kiti kutwa nzima aangalie kuku, humzeeshi, unamzika. Ndipo alipoikumbuka pembe.

Ilikuwa pembe ya Posta, maksai wao wa zamani kule Magu. Aliitwa Posta kwa sababu alikuwa mzito wa mwendo, lakini hakuna siku aliyoshindwa kufika. Posta ndiye aliyelima mashamba ya pamba yaliyomsomesha Evelina, na alipokufa, mzee aliitunza pembe yake juu ya kabati, karibu na picha ya harusi. Evelina aliiomba kwa mama yake, Dorotea, akaichukua kimyakimya. Alijiambia kwamba baba akishika kisu chenye pembe ya Posta, moyo utaamka, na moyo ukiamka mkono utafuata. Ndivyo alivyoamini, na aliamini kwa nguvu zote.

Fundi Chenge wa Igoma alikuwa na karakana ndogo kando ya barabara ya Musoma. Mlangoni alitundika mipini kwenye waya kama mishikaki: ya mpingo, ya mninga, ya plastiki iliyokatwa kwenye mapipa, ya alumini iliyoyeyushwa kutoka masufuria mabovu. Aliipokea pembe, akaigeuza, akaigonga kwa ukucha.

"Pembe nzuri," alisema. "Nitaichemsha, nitaibana inyooke, nikiipiga msasa na mafuta itang'aa mpaka ujione. Sasa mkono uko wapi?"

"Mkono gani?"

"Wa mwenye kisu. Mimi sianzi mpini kabla sijashikana mkono na mwenyewe."

Evelina alibabaika. Baba yake alikuwa hatoki hata getini, asije akaonwa na watu akisalimia kwa mkono wa kushoto. Kumleta Igoma, mbele za watu? Thubutu! "Fundi, ni baba yangu mzazi," alisema. "Mkono wake naujua. Tengeneza tu, na uwe mzuri."

Chenge alimtazama kidogo. "Haya, dada yangu. Umesema wewe."

Na ulikuwa mzuri, jamani. Pembe ilikuwa nyeusi yenye mawimbi ya rangi ya chai ya maziwa, imeshikwa kwa pini za shaba, laini kama sabuni. Evelina alikifunga kisu kwenye leso na kumkabidhi baba yake kwa mikono miwili.

Mzee aliupapasa mpini wote kwa kidole. "Huyu ni Posta," alisema. Evelina alijisikia ameshinda. Mzee alikifungua kwa mkono wa kushoto, akakihamishia kulia, akainama kwenye mche wa kwanza. Akakata. Mpini laini ulizunguka kiganjani kama samaki, kisu kikaanguka, na mche ukapasuka hadi chini.

Hakugomba, na hilo ndilo lililomkata Evelina maini. Mzee aliokota kisu, akakikunja, akakirudisha kwenye leso.

"Posta hana kosa," alisema. "Mkono ndio umekufa. Mpigie baba yako mkubwa, asingoje mwezi ujao."

Mchana huo walikula ugali wa muhogo kwa sato. Mzee alikula kwa kijiko, mkono wa kushoto. Wa kulia, kwa kuwa nesi alisema lazima ufanyishwe mazoezi, mkewe aliupachika tonge nene la ugali kama kila siku. "Minya, baba Evelina."

"Niminye nini? Mimi mtoto?"

"Minya tu, hasira unazo za kutosha."

Mzee alinuna. Alinuna mpaka sahani zikaondolewa, akalitupa tonge mezani, akaenda kulala.

Evelina ndiye aliyefuta meza. Alilikuta lile tonge limepoa na kukauka, gumu kama udongo, akataka kulitupia kuku. Akasita. Vidole vitatu vilikuwa vimezama humo, na dole gumba upande wa pili, alama zimeingia ndani kabisa. Aliita, "Mama! Njoo uone!" Mama yake alikuja mbio akidhani ni nyoka.

"Mkono uliokufa unaweza kufanya hivi?" Evelina aliuliza. Alijawa na furaha, na hasira dhidi yake mwenyewe pia. Mkono haukufa! Ulishindwa kujikunja mpaka mwisho, basi. Ulitaka kitu kinene, na yeye alikuwa ameupa kitu kizuri. Alikuwa ameuchagulia mkono mpini bila kuuliza mkono.

Alilifunga tonge kwenye mfuko wa nailoni, akachukua na kisu, akadandia bodaboda.

"Khaa!" Chenge alisema alipolifungua. "Umeniletea kiporo bila mboga?"

"Huo ndio mkono uliouulizia, fundi. Shikana nao."

Chenge alicheka, kisha akaacha kucheka. Alipachika vidole vyake kwenye zile alama kimoja kimoja, taratibu. "Sasa tunaongea," alisema. "Ila mpini mnene hivi, pembe haiwezi. Pembe ndani ina uwazi."

"Mpingo?"

"Mzito. Atachoka kabla ya mche wa pili."

"Alumini?"

"Akitoka jasho itamteleza. Na plastiki ikipata utomvu wa mwembe, ni yaleyale."

Evelina alitazama waya wote, mpini kwa mpini, na kwa mara ya kwanza hakuangalia kinachong'aa. Alitafuta kitu chepesi, kisichoteleza, kisichojali maji. Macho yake yakashuka chini, yakatua kwenye miguu ya fundi. Chenge alikuwa amevaa katambuga, vile viatu vya tairi la gari, vimekunjamana, vina vumbi la miaka.

"Fundi, hiyo je?"

"Hii? Dada, hii ni kiatu!"

"Inateleza?"

"Tangu lini katambuga ikateleza?" Chenge aliangalia miguu yake kama anaiona leo. "Lo! Kipande cha mti mwepesi katikati, tairi nje, nachonga kufuata tonge. Lakini nakwambia mapema, itakuwa mbaya. Mbaya sana."

"Iwe mbaya," Evelina alisema, na hakuamini kwamba maneno hayo yalitoka kinywani mwake.

Mpini wa pembe Chenge hakuung'oa, alisema utapasuka. Alichonga chuma kingine kutoka msumeno wa zamani, na kisu cha pili kikazaliwa, kinene, cheusi, chenye matuta ya tairi mgongoni. Asubuhi Evelina alipokileta hakukifunga kwenye leso. Alikiweka tu juu ya ndoo ya bluu, karibu na baba yake.

"Hiki ni kisu au ni kandambili?" mzee aliuliza.

"Shika kwanza, baba."

"Nilichunga ng'ombe na tairi miguuni, leo mnanivalisha mkononi!" Lakini alikuwa amekwisha kukishika. Vidole vitatu vilijiweka kwenye mabonde yao, dole gumba likakaa mahali pake. Mzee aliutikisa mkono. Akautikisa tena kwa nguvu, kama anataka kukitupa, na kisu hakikwenda popote.

Akavuta mche. Mkewe alisimama mlangoni, mwiko mkononi. Mzee alikata kikonyo, akachonga upande mmoja, akageuza, akachonga wa pili. Hakuwa mwepesi kama zamani, alikwenda mwendo wa Posta. Akapasua mche, akachomeka kabari, na hapakuonekana nafasi hata ya kupitisha unywele. Nailoni aliifunga kwa mkono wa kushoto na meno.

Evelina alilia waziwazi, wala hakujali kuonekana.

"Unalia nini? Leta kile cha pembe."

Alikileta, akidhani mzee anataka kukirudisha kabatini. Mzee alikifungua, akakitia kwenye kiganja cha binti yake, akamfunga vidole juu yake kwa mkono wake wa kulia, ule ule.

"Hiki kinataka mkono mzima. Mimi sina, wewe unao. Nimekuwa mchoyo vya kutosha. Kata."

Evelina alikata. Mkato uliyumba, mche ukafa palepale.

"Unamenya viazi?" mzee alifoka. "Chukua mwingine!"

Na kufoka huko kulikuwa kutamu, kwa sababu kulikuwa kufoka kwa mtu aliye kazini. Evelina alivuta mche mwingine, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na baba mkubwa je? Nilikwisha kumpigia."

"Mpigie tena," mzee alisema bila kuinua macho. "Mwambie aje na vikonyo vya ule mwembe wangu wa Magu. Na arudi peke yake."