Kwinini Isiyo Chungu

Homa ya Numbi ilikuwa haishuki, ingawa mama yake, Laurentine, alikuwa amemnywesha chupa nzima ya kwinini kutoka zahanati ya serikali, mtaa wa Kenya, mjini Élisabethville, Kongo ya Wabelgiji. Mtoto aliimeza bila kulalamika, na mama akadhani ni unyonge wa ugonjwa. Lakini jana, alipotaka kumwachisha ziwa Jeanne, mdogo wake Numbi, alifanya kama wamama wote wa mtaa: akajipaka dawa hiyo kwenye titi ili mtoto aone uchungu. Jeanne akanyonya, akalamba midomo, akataka tena. Hasira ikampanda Laurentine. Mwanawe alikuwa akitibiwa kwa maji ya bomba.

Asubuhi akafika zahanati, Numbi mgongoni, Jeanne kifuani. Daktari Mzungu alikuwa amekuja kukagua. Kando yake alisimama Lucien, muuguzi, viatu vyake safi kuliko dhamiri yake. Serikali ilitoa kwinini bure, na kila mama aliyetia kidole kwenye wino alihesabiwa kuwa amepewa. Ilikokwenda kwinini yenyewe, Lucien alijua.

"Mama Numbi, tia kidole," akasema, akimpa chupa nyingine.

"Sitii. Hii dawa yako iko mayi, Papa Lucien. Ambia Dokotere."

Lucien akamgeukia daktari na Kifaransa chake laini. Laurentine hakukijua, ila neno *merci* alilijua, nalo ndilo alilolisikia. Kumbe anashukuriwa daktari kwa niaba yake!

"Nyamaza sasa," Lucien akamnong'oneza, "ama bapolisi batakufunga."

"Banifunge. Lakini kwanza baone."

Akajimwagia dawa kwenye titi mbele ya foleni nzima, akampa Jeanne. Mtoto akanyonya kwa raha, mguu ukicheza. Mwanamke mmoja akacheka kicheko kibaya, akafungua chupa yake, akajipaka. Wengine wakafuata. Hakuna mtoto aliyelia.

Hilo halikuhitaji mkalimani. Daktari akachovya kidole kwenye chupa ya Laurentine, akalamba, akanyoosha mkono kudai ufunguo wa kabati. Njia ya mwongo ni fupi. Ya Lucien iliishia mfukoni mwake mwenyewe.

Kabatini kwinini ilikuwepo, imeshafungashwa tayari kwa mnunuzi. Daktari akaimimina kijikoni. Numbi akaionja, akakunja uso, akatema nusu, akalia kwa nguvu ambayo Laurentine alidhani imeshamtoka. Mama akamshika kidevu, akammezesha nyingine, huku akicheka na machozi yakimtiririka.

"Lia, papa," akambembeleza mwanawe. "Lia sana."

Ndipo akatia kidole kwenye wino.