Raba za Kwenda Plaji

Ukija Bujumbura kwa ajili ya ziwa, njoo na kofia, njoo na kanga ya kukalia, na njoo na subira, maana samaki wa plaji, yaani ufukweni, hukaangwa na mtu asiye na haraka. Usioge jioni. Jua likianza kuiegemea milima ya Kongo, maji yanakuwa mali ya viboko, na kiboko hajui kwamba wewe ni mgeni. Usipige picha penye askari. Ukifika kwenye baria, kile kizuizi chao cha barabarani, teremsha kioo kabla hujaambiwa, salimia, tabasamu kidogo. Kidogo tu. Tabasamu likizidi watakufungulisha buti.

Mashauri haya nilikuwa nikiyagawa bure miaka ile, vita vikiwa na umri wa mtoto wa darasa la pili. Watu wa mbali walidhani mji mzima tumejificha chini ya vitanda. Kumbe kila Jumapili plaji inajaa. Wa Kiriri, mtaa wa wenye mali, wanakuja na miwani ya jua na mbwa wao, sisi wa Bwiza tunakuja na masufuria. Mimi ni Mawazo, Mama Prodige, muuza vitenge. Nilitoka Uvira, ng'ambo ya maji hayohayo, nikikimbia na mtoto mgongoni na furushi kichwani, na nilipofika nikakuta furushi ni la jirani. Kwa hiyo mtu akiniuliza habari za safari, namjibu kwa ujuzi.

Ilias alikuwa mpangaji mwenzangu, fundi wa magari. Jioni moja alisimama mlangoni kwangu uso umemshuka.

"Mama Prodige, mama yangu anakuya. Na meli ya mizigo."

"Karibu yake. Sasa we unanyauka juu ya nini? Mutu mama yake akija si anakula vizuri?"

"Anakuya kunichukua."

Mama yake, Bi Sijaona, alikuwa mtu wa Ujiji. Kule wakimbizi walishuka kila mara na habari za Burundi, naye alizisikiliza miaka yote mpaka uvumilivu ukamwishia. Sasa anakuja kuona kwa macho yake, na meli ikirudi Jumatatu, arudi na mwanawe. Hilo peke yake lisingekuwa baya, ila kulikuwa na Adija, mshonaji wa mtaa wa Buyenzi, mchumba wa Ilias. Baba yake Adija alikuwa hainuki kitandani bila kushikwa, na mwingine wa kumshika hayupo. Adija hawezi kuondoka. Ilias akipanda meli ile, harusi imekwisha kabla ya pilau.

"Basi mwambie hutaki," nilimwambia.

"Mama Prodige, we humujui mama yangu."

Mwanamume mzima, mikono kama jeki, lakini mama yake akikohoa Ujiji yeye anasimama wima Bwiza.

"Nimepata mpango," akasema. "Jumapili tutamupeleka plaji. Aone watu wanacheka, wanakula. Aone ziwa."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. "Mama wa Ujiji! Unataka kumuonyesha ziwa! Basi mupeleke na kwa samaki, maskini, hajawahi kuona."

"Acha kunichekelea. Na kitu kingine: mambo ya vita hakuna kutaja. Hata neno. Nimemuambia Adija pia. Milio ikisikika, tunasema wanavunja mawe ya barabara."

Bi Sijaona alifika Ijumaa, akalala kwangu, maana chumba cha Ilias kilikuwa kimelaliwa na injini. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, wa kukutazama mpaka ukumbuke kwamba hujafagia. Miguuni alivaa makubadhi ya ngozi yaliyotiwa shanga, mazuri kiasi cha kunifanya nimsalimie huku nikiyatazama yenyewe.

Jumapili asubuhi Ilias alileta gari la mteja wa Kiriri, alilodai analijaribu breki. Adija akaja na kikapu cha chakula na kimfuko cha plastiki. Alimsalimia Bi Sijaona kwa kupiga goti kidogo, vizuri, nikafurahi. Halafu akafungua ule mfuko akatoa raba nyeupe, kuukuu, zilizofuliwa.

"Mama, tafadhali, vaa hizi."

Bi Sijaona alizitazama raba, akaitazama miguu yake. "Makubadhi yangu yana kasoro gani?"

"Apana kasoro, mama. Ni mazuri sana. Lakini plaji, raba ni muzuri zaidi."

"Mwanangu, mimi nimezaliwa ufukweni. Sijapata kufundishwa viatu vya mchangani."

"Najua, mama. Vaa tu. Zina kamba, nitakufunga mimi."

Nilimkonyeza Adija mpaka jicho likaniuma. Ilias alijifanya anatazama tairi. Binti hakurudi nyuma. Alipiga magoti vumbini, akamvua mama mkwe wake mtarajiwa makubadhi, akamvisha raba na kufunga kamba fundo mara mbili. Bi Sijaona alimwachia miguu yake kama mtu anayemwachia mwizi mkoba. Makubadhi yakaingia kwenye ule mfuko, mfuko ukaingia garini. Nikasema moyoni, haya, harusi tumeizika, tuende tukale matanga ufukweni.

Kufika plaji, balaa lingine. Ilias alikuta kivuli kizuri karibu na maji, Adija akasema apana, tukae huku nyuma, upande wa barabara. Ilias akaegesha gari, Adija akamwambia aligeuze, pua iangalie njia. Akaligeuza. Bi Sijaona alitazama yote hayo, nami nilisoma usoni mwake: kumbe mwanangu ana bosi.

Tukakaa. Muziki wa Kikongo ulikuwa unapigwa, watoto wanaelea juu ya mipira ya matairi, vijana wanacheza mpira, wazee wa Kiriri wamelala kwenye viti matumbo juu. Bi Sijaona aliwatazama muda mrefu.

"Hawa wote wanangoja nini? Mitumbwi?"

"Apana, mama," Ilias akasema. "Wanapumzika."

"Wanapumzika wamekaa mbele ya kazi?"

Nikaangua kicheko, naye akatabasamu kidogo, nikaona kuna matumaini. Brosheti, mishikaki ya huku, alizikataa, hakujua mbuzi kachinjwa na nani. Tukaagiza samaki. Sahani ilipofika Ilias akasema kwa fahari, "Huyu ndiye mukeke, mama. Samaki wa hapa."

"Huyu ni mgebuka."

"Hapa tunamuita mukeke."

"Mwiteni mtakavyo, namjua tangu hajafika huku." Akamega, akatafuna polepole. "Amekaangwa vizuri, lakini."

Ilias aliketi wima kama mtu aliyefaulu mtihani. Akaanza kumwonyesha mama yake kila kilichocheka: yule mtoto, yule bwana na mbwa, wale maharusi waliokuja kupigwa picha. Unaona, mama? Unaona kulivyo shwari? Na kweli kulikuwa shwari. Upepo ulitoka majini, jua halikuwa kali, nami nilianza kusinzia na mwiba wa samaki mkononi.

Kisha kule kusini, nyuma ya mtaa wa Musaga, kitu kikalia. Puu. Baada ya kitambo, puu tena.

Sisi wa Bujumbura hatukuwa tukijua kwamba tunafanya vile mpaka mgeni alipotuona. Mikono yote plaji ilisimama kwa pamoja. Brosheti zikabaki nusu ya njia ya mdomo. Mpira ukabingirika peke yake. Shingo zote zikainama upande mmoja, za Kiriri na za Bwiza, hata ya bibi harusi. Halafu mzee mmoja, tumbo juu, macho yamefumbwa, akasema, "Mbali," na mikono yote ikaendelea na safari yake.

Yetu pia. Ila mkono wa Bi Sijaona ulibaki juu.

"Nini ile?"

"Wanavunja mawe," Ilias akasema.

"Ngurumo," nikasema mimi, kwa sauti ileile na kwa wakati uleule.

Bi Sijaona akatazama mbingu. Haikuwa na wingu hata la kuazima. Akamgeukia mwanawe. "Leo Jumapili. Nani anavunja mawe?"

Ilias akajibu haraka. "Ni kampuni ya Waislamu, mama. Wanapumzika Ijumaa."

Nilitazama chini nisimtie aibu zaidi. Bi Sijaona aliweka kipande cha samaki kwenye sahani, akafuta vidole kimoja kimoja, akamgeukia Adija.

"Wewe. Tangu asubuhi hujasema jambo zaidi ya kunivua viatu. Ile ni nini?"

Chini ya meza Ilias alimkanyaga mchumba wake, nilimwona. Adija akamtazama Ilias, akatazama pwani, akamtazama mama.

"Ni mabomu, mama."

Basi, nikasema. Jumatatu meli itajaa.

"Iko mbali," Adija akaendelea, kwa sauti ya mtu anayemweleza mteja namna gauni litakavyokatwa. "Iko mulimani, nyuma ya Musaga. Ikifanya puu, vile mutu anapiga godoro, tunakula. Ikianza ta-ta-ta, kavu, tunaacha samaki."

"Mkishaacha samaki?"

"Tunasimama bila kelele. Mi nakushika mukono huu, Mama Prodige anashika ule. Hatupiti majini, tunapita hapa nyuma, ni karibu. Gari linaangalia barabara, halihitaji kugeuka. Kama barabara imefungwa, kuna ukuta wa bluu pale, unauona? Ni kwa dada Consolée. Nilimusalimia tukipita, anajua tuko hapa, mulango hautafungwa."

Kumbe tulipokuwa tukija, ule mkono aliompungia mtu dirishani, mimi nilidhani ni maringo ya kupanda gari.

"Na raba?" Bi Sijaona akauliza.

"Makubadhi hayakimbii muchangani, mama. Moja inatoka, inabaki nyuma. Na mutu anarudi kuichukua. Anajua si vizuri, lakini anarudi. Mama yangu alirudia kiatu."

Muziki uliendelea. Mtoto mmoja alipita akilia kwamba kaka yake kamnyang'anya mpira wa tairi.

"Kiatu gani?" Bi Sijaona akauliza taratibu.

"Kipya. Cha Idi."

Bi Sijaona akasema innalillahi kwa kunong'ona. Akaitazama miguu yake ndani ya zile raba, mafundo mawili kila mguu. Kisha akachukua kipande kikubwa cha samaki, akakitoa miiba, akakiweka kwenye sahani ya Adija.

"Kula. Anapoa."

Alirudi kula na yeye. Kikalia tena, puu, nikaona shingo yake ikiinama pamoja na zetu. "Godoro," akasema, akaendelea kutafuna.

Wakati wa kurudi, kwenye baria Ilias aliteremsha kioo, akatabasamu sana, wakatufungulisha buti. Nimekwisha kukwambia.

Nyumbani, Adija alipokwenda kumlisha baba yake, Bi Sijaona alimwita Ilias uani. Mimi nilikuwa naanua nguo, na nguo siku hiyo zilikuwa nyingi.

"Nilikuja kukuchukua," akamwambia.

"Ndiyo, mama."

"Na bado nataka kukuchukua. Mtu anayesema mabomu ni kampuni ya Waislamu, huyo akiachwa peke yake mjini hafiki Idi ijayo."

"Ndiyo, mama."

"Usiniitikie ndiyo! Yule binti alinipangia njia mbili za kutoka kabla sijakaa kitini, nami nikadhani anadharau viatu vyangu. Kwa nini hakuniambia asubuhi?"

Ilias akainamisha kichwa. "Mi nilimukataza. Sikutaka uogope."

"Mimi nimekuwa nikiogopa tangu ulipoondoka. Leo ndiyo mara ya kwanza naogopa nikijua nifanye nini." Sauti ikampungua. "Kaa naye. Lakini ile ya ta-ta-ta ikihamia humu mjini, unambeba baba yake mgongoni, mnakuja Ujiji wote watatu. Mgongo huo nilikupa wa nini?"

"Ndiyo, mama," Ilias akasema, na safari hii hakukemewa, maana alikuwa analia. Mimi nikaendelea kuanua nguo, pamoja na zisizokuwa zangu.

Jumatatu tulimsindikiza bandarini. Alivaa zile raba. Adija alimpa mfuko wa makubadhi, yeye akausukuma kifuani kwa binti.

"Yatakaa kwako. Nitayakuta nikija harusini. Siwezi kuja harusini na raba, watu wa Ujiji watanicheka."

"Na raba, mama?"

"Raba nimeziiba." Akapanda ngazi ya meli, hatua za haraka kuliko umri wake, kana kwamba anazijaribu.

Makubadhi yalikaa chini, kando ya kitanda cha Adija, pamoja na viatu vyake vya kukimbilia. Nilimwambia ayafungie kabatini, vitu vizuri vile vinaliwa na vumbi. Akaniambia kabati halikimbii. Na usiku mmoja, watu wa Buyenzi walipohama tena kwa muda, Ilias alimbeba mzee mgongoni, Adija akabeba dawa, maji na mfuko wa makubadhi, wakalala sakafuni kwangu. Asubuhi wakarudi kwao. Ilikuwa puu tu, lakini karibu kidogo.

Kwa hiyo ukija Bujumbura kwa ajili ya ziwa, kofia, kanga na subira. Mwenyeji wako akikwambia uvae raba, nyoosha mguu ufungwe kamba. Bi Sijaona alipokuja harusini, alishuka melini nazo miguuni, nyeupe pe, zimefuliwa, fundo mara mbili. Kabla hajasalimia mtu, akakaa juu ya sanduku lake pale bandarini, akamnyooshea miguu Adija, aliyeshika ule mfuko wa makubadhi.